Bi Harusi Bila Singo? Ngozi Ikikataa, Isikilizwe

Wadau wa urembo, leo lisemwe lile linalonong'onwa mabarazani huko Mji Mkongwe. Kuna bi harusi mtarajiwa, jina kapuni, kamwambia somo wake kwamba singo hataki. Si kwamba kadharau mila, la. Kila akisuguliwa, baada ya siku moja au mbili shingo na mikono inamuwasha mpaka machozi yanamtoka. Jibu alilopewa? "Mwanangu vumilia, ndo uzuri unavyokuja." Na mama mkwe mtarajiwa naye, kwa mujibu wa wambea, kauliza: mwali asiyenukia ni mwali gani?

Jamani, hapo pana kosa, na kosa si la mwali.

Unguja na harufu nzuri ni ndugu wa toka nitoke. Singo kila nyumba ina yake, ila karafuu, liwa, langilangi, asmini na marashi ya waridi haviko mbali. Udi unafukizwa, kikuba kinabandikwa, na mgeni anajua yupo nyumba ya heshima kabla hajavua viatu. Hakuna mwenye akili anayetaka haya yafe. Lakini ngozi zipo za aina nyingi. Ipo inayopokea kila kitu, na ipo inayochagua. Mwenye ngozi inayochagua apakwe vitu visivyo na manukato, na abaki kuwa bi harusi kamili, bila kusimangwa.

Utetezi unaokuja haraka ni huu: "Vile ni vya asili, haviwezi kudhuru." Hebu tuwe wakweli. Upupu nao ni wa asili, mbona hakuna anayejisugulia? Chukua karafuu hiyo hiyo tunayojivunia. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni kitu kinachoitwa yujenoli, ile harufu unayokutana nayo kwa daktari wa meno. Ni dawa nzuri mahali pake. Lakini pia ni moja ya viungo 26 vya manukato ambavyo sheria ya Umoja wa Ulaya, tangu 2005, inataka viandikwe kwa majina kwenye vipodozi vinapozidi kiwango fulani, kwa sababu vinajulikana kuwaletea mzio baadhi ya watu. Mwaka 2023 orodha ikapanuliwa ikapita 80, na humo yamo mafuta ya karafuu, ya langilangi, ya asmini, ya waridi na ya msandali. Yaani nusu ya singo ya bibi imo! Sheria haikuvipiga marufuku. Inachotaka ni kwamba mtu mwenye mzio ajue anapaka nini. Huko mnunuzi anaambiwa, huku mwali anaambiwa avumilie.

Utetezi wa pili: "Mbona mwaka jana alipaka na hakuwa na kitu?" Ndivyo mzio ulivyo. Ngozi inaweza kuvumilia kitu miaka na miaka, siku moja ikakikataa, na ikishakikataa mara nyingi hairudi nyuma. Halafu muwasho hauji papo hapo, unaweza kusubiri siku moja mpaka tatu. Ndo maana lawama zinamwangukia pweza wa Forodhani au kijicho cha jirani, na kopo la singo linabaki juu ya meza halina kesi.

Sasa lije lile zito. Kwenye ngozi zetu nyeusi, kipele kikipoa huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Binti anajitazama kwenye kioo, harusi imekaribia, shoga anamnong'oneza: ipo krimu, siku tatu tu doa kwishnei. Huo ndo mlango wa mkorogo, pamoja na zebaki na haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku nchini kwenye vipodozi, na krimu za steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba. Safari iliyoanza kwa muwasho wa kudharauliwa inaishia kwa uso ulioharibika. "Vumilia" ni neno la gharama kubwa.

Kwa anayetaka kubadili, mambo si magumu wala si ya matajiri. Ukienda Darajani geuza kopo usome nyuma. Ukiona Parfum, Fragrance au Aroma, hiyo ina manukato, rudisha. Unayoitafuta imeandikwa Fragrance free. Usidanganywe na Unscented, maana hiyo inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu nyingine. Na picha ya mtoto mchanga isikulegeze, mafuta mengi ya watoto nayo yana manukato. Zile sabuni nzuri za karafuu na mchaichai zinazopangwa kwenye maduka ya watalii nazo ni hivyo hivyo: za asili, na zenye harufu. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu ya kutiwa ni rahisi na yanatosha watu wengi. Mafuta ya nazi ya nyumbani, yasiyochanganywa na maua, wengi yanawafaa pia, ila mwenye uso wa chunusi aende nayo taratibu, yanaweza kuziba vinyweleo.

Usibadili vitu vitano kwa siku moja. Anza na kimoja. Paka kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10. Pakitulia, endelea. Pakiwasha, acha. Na masomo wote wa mjini, tafadhalini: jaribio hili lifanyike mwezi mzima kabla ya harusi, si siku tatu kabla. Uso au kope zikivimba, au pumzi ikibana, hapo hakuna cha somo wala shoga, mkimbizeni hospitali. Na muwasho usioisha baada ya kuacha manukato unataka daktari wa ngozi.

Mama mkwe naye asiwe na wasiwasi, mwali atanukia. Manukato hayalazimiki kukaa kwenye ngozi. Fukiza kanga na nguo za harusi kwa udi kabla hajavaa, maadamu moshi haumbani kifua. Kikuba kibandikwe juu ya nguo, mbali na shingo. Asmini zitandazwe kitandani juu ya shuka la ziada, zitolewe kabla ya kulala. Liwa na singo wasugue mashoga ambao ngozi zao zinakubali, wafurahi nazo. Somo bado ana kazi tele: kumfunda, kumsinga kwa mafuta yasiyo na harufu, kumtuliza moyo.

Bi harusi anayejikuna mbele ya wageni hakuna anayemkumbuka kwa harufu yake. Na yule binti aliyefungua mdomo kusema "hapa panawasha" kafanya jambo ambalo wengi kabla yake waliogopa kulifanya. Apewe mafuta yake, aachwe na raha zake.