Wafanyabiashara wa Kilwa na Lindi wawatunze wasaidizi wao

Msimu wa ufuta unapofunguliwa katika mwambao wa Kilwa na Lindi, kuanzia mwezi Mei, mazungumzo ya wafanyabiashara huwa ni bei ya kilo, ubora wa mzigo na gharama ya lori hadi Dar es Salaam. Korosho inapofuata mwezi Oktoba, mazungumzo ni yale yale. Ni nadra kumsikia mtu akitaja upungufu mwingine unaowatia hasara kila mwaka, nao ni upungufu wa wasaidizi wanaoweza kuachiwa ofisi.

Msaidizi anayezungumziwa hapa si mpiga chapa tu. Katika ofisi ndogo za Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Lindi mjini, mtu mmoja ndiye karani, mtunza vitabu, katibu muhtasi na mjumbe wa benki. Ndiye anayejua lori lipi limepakia, nani anadaiwa, stakabadhi ipi imo katika jalada gani na tajiri anarudi lini kutoka safarini. Anapoondoka, yote hayo huondoka naye.

Kazi yenyewe imekuwa ngumu kuliko zamani. Kabla ya mtandao, mnunuzi aliandika zabuni yake, akaifunga katika bahasha na kuitumbukiza sandukuni. Leo, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mazao hukusanywa na vyama vya msingi (AMCOS), hupelekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu vya Lindi Mwambao na RUNALI. Katika miaka ya karibuni mnada umehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Anayeshinda hupewa siku chache za kulipa kabla ya kuruhusiwa kutoa mzigo. Tarakimu moja ikikosewa, au malipo yakichelewa benki, biashara imeharibika. Hii si kazi ya kijana aliyeokotwa wiki ya mnada.

Hata hivyo, ndivyo wengi wanavyofanya. Mtu huajiriwa Mei, huachishwa Agosti, kisha hutafutwa tena Oktoba. Anapotafutwa huwa ameshapata kazi kwingine, na tajiri huanza kumfundisha mgeni wakati maghala yameshajaa.

Ndugu au mwenye ujuzi?

Wengine hukimbilia kwa ndugu. Mtoto wa dada amemaliza kidato cha nne, hana kazi, basi akae ofisini. Inaaminika kwamba ndugu haibi. Lakini ndugu huyo hapewi mkataba wala mshahara unaojulikana. Hupewa chakula, malazi na chochote kinachopatikana mwisho wa mwezi. Akikosea haonywi kwa kuogopa maneno ya ukoo, na akifanya vizuri hapandishwi kwa kuwa "ni mtoto wa nyumbani". Uaminifu wa namna hii hudumu mpaka siku anapopigiwa simu na mtu mwingine.

Na simu hizo ni nyingi. Visima vya gesi vya Songo Songo, vilivyoanza kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2004, viliwaonyesha vijana wa Kilwa kwamba kuna ajira zenye mkataba na mshahara wa tarehe maalumu. Mradi wa kusindika gesi Likong'o, Lindi, unaozungumzwa kwa miaka mingi, umewaongezea matumaini. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa adha ya kivuko na kurahisisha kusafirisha mizigo. Lilirahisisha pia kuondoka: asubuhi msaidizi yuko Kilwa, jioni anaanza maisha mapya Dar es Salaam.

Matajiri nao wana malalamiko, na hayakosi ukweli. Wapo wasaidizi waliotoroka na makusanyo, waliotumia fedha za tajiri kununua kangomba kwa faida yao, au waliojifunza biashara kisha wakawachukua wateja. Lakini ukaguzi wa visa vingi vya aina hii ungeonyesha jambo moja: mtu mmoja alishika funguo, daftari na fedha kwa pamoja, bila mtu wa kumkagua, huku akilipwa mshahara usiofikisha mwezi. Huo ni mtego, na walioutega ni wenye mali wenyewe.

Hesabu ya tajiri

Jibu la kawaida ni kwamba biashara ndogo haiwezi kumlipa mtu mwaka mzima. Hesabu ifuatayo ya mfano inafaa kutazamwa. Msaidizi anayelipwa sh. 400,000 kwa mwezi hugharimu sh. 4,800,000 kwa mwaka. Mwajiri akichangia asilimia 10 katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), jumla inakuwa sh. 5,280,000.

Kwa upande wa pili, lori moja la tani 30 za ufuta lina kilo 30,000. Tajiri akikosa mnada mmoja kwa uzembe wa ofisini, akalazimika kununua katika mnada unaofuata kwa bei iliyopanda sh. 200 kwa kilo, amepoteza sh. 6,000,000. Lori moja tu limekula mshahara wa mwaka mzima na chenji. Rahisi ni ghali.

Mwanzoni mwa Mei 2024 somo hilo lilipata mfano wake. Mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya ziliharibu barabara kuu eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na usafiri kati ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini ukakatika. Katika hali kama hiyo, mwenye mali aliyekwama upande wa pili hutegemea simu na akili ya mtu wake wa ofisini. Kama mtu huyo ana wiki mbili kazini, hana la kumsaidia.

Aidha, miezi kati ya misimu si ya kukaa bure. Kuna madeni ya kufuatilia, hesabu za kodi za kufunga, na biashara za chumvi, nazi, samaki na pweza ambazo wafanyabiashara wengi wa mwambao huzifanya pamoja na mazao. Msaidizi mwenye ujuzi hujilipa mwenyewe katika miezi hiyo.

Kinachohitajika si kikubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa masharti ya kazi kwa maandishi. Inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka na likizo ya uzazi ya siku 84. Wapo wanaokwepa kuajiri wanawake kwa sababu ya hizo siku 84, kisha wanampoteza kijana wa kiume ndani ya miezi mitatu na kuanza upya.

Zaidi ya sheria, kamisheni ndogo kwa kila mzigo uliofika salama humfanya msaidizi aone faida ya kubaki. Mipaka ya madaraka nayo iandikwe: kiasi gani anaweza kulipa bila kuuliza, na kipi lazima kisubiri tajiri. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika daftari, na namba za siri za mnada zibaki kwa mwenye mali au mtu aliyeidhinishwa kwa maandishi. Kumtuma katibu sokoni kununua mboga za nyumbani, au kumchukulia watoto shule, kukome. Hakuna mwenye ujuzi atakayevumilia hayo kwa muda mrefu.

Wakati wa kutafuta mtu wa namna hii ni Januari au Februari, ili ufuta wa Mei umkute ameshazijua njia za benki, ghala na chama kikuu. Atakayengoja mpaka mnada utangazwe atapata aliyebaki, na aliyebaki mara nyingi ni yule ambaye wenzake walishamwacha.