Uganda: Kodi ya simu na hatima ya biashara ndogo

Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, simu ya mkononi katika Afrika ya Mashariki imeacha kuwa chombo cha mazungumzo peke yake. Imekuwa pochi, duka na daftari la madeni. Mchuuzi wa ndizi wa Mbarara huulizwa bei, hukubaliana na mnunuzi wa Kampala na hulipwa kwa simu hiyo hiyo, bila ya kukanyaga benki.

Mabadiliko hayo yameziweka serikali katika njia panda: vipi zijipatie mapato kutokana na biashara hiyo bila ya kuinyonga? Funzo kali zaidi limetoka Uganda.

Mwezi Machi mwaka 2018 Rais Yoweri Museveni alimwandikia waziri wake wa fedha, akilalamikia umbea katika mitandao ya kijamii na kutaka utozwe kodi. Ilipofika Julai mosi, kila aliyetaka kutumia WhatsApp, Facebook au Twitter alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku. Wakati huo huo ilianza kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazopitia katika simu.

Hoja ya serikali ilikuwa na uzito. Sehemu kubwa ya uchumi wa Uganda haimo katika vitabu vya mamlaka ya mapato, na barabara na hospitali hazijengwi kwa maneno matupu. Lakini kodi hiyo ilitozwa kwa thamani ya fedha zenyewe, wala si kwa faida. Mfanyabiashara mwenye mtaji wa shilingi laki 5, anayeutoa na kuuzungusha mara 4 kwa mwezi, alikatwa shilingi 20,000, awe amepata faida au amepata hasara. Na fedha iliyotumwa na ndugu aliyeko London au Muscat nayo ilipunguzwa pale jamaa zake walipokwenda kwa wakala kuitoa.

Upinzani haukuchelewa. Tarehe 11 Julai waandamanaji, akiwemo mbunge Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, walikabiliwa na polisi mjini Kampala. Kabla ya mwaka kumalizika, kodi ilipunguzwa hadi asilimia 0.5, na kubakishwa kwa fedha zinazotolewa tu.

Kodi ya mitandao nayo haikufua dafu. Wengi waliikwepa kwa programu zinazoficha mahali alipo mtumiaji. Katika mwaka wa kwanza zilikusanywa takriban shilingi bilioni 49, ilhali zilitarajiwa bilioni 284. Mwezi Julai mwaka 2021 ilifutwa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwa vifurushi vya intaneti.

Mwezi huo huo Tanzania ilianzisha tozo yake kwa miamala ya simu. Baada ya malalamiko ya wananchi, ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba.

Suala si kama biashara ya simu ilipe kodi au isilipe. Miamala ya simu huacha kumbukumbu, na kumbukumbu hizo ndizo zingeweza kuiwezesha serikali kutofautisha mwenye faida na asiyekuwa nayo. Mchuuzi anayekimbilia fedha taslimu kwa kuogopa makato huondoka na kumbukumbu zake, na mtoza kodi hubaki gizani kama zamani.