Takwimu za Mbulu na Hanang Zichorwe Mbulu na Hanang

Mtaala mpya wa sekondari, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima na kuiacha Sayansi ya Kompyuta iwe somo la kuchagua. Huko ni kukosea, na wilaya kama Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ndizo zitakazoumia zaidi. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa histogramu kwenye Hisabati; kwenye Jiografia huchora duara kwa bikari, akakokotoa nyuzi za kila kipande na kuzipima kwa protrakta. Mchoro mmoja unaweza kumaliza kipindi kizima, na mara nyingi takwimu zake hazimhusu yeye wala kijiji chake. Anahitimu akiwa na nusu ya ujuzi: anajua grafu ni nini, ila hajawahi kuipa kompyuta jedwali lenye mistari elfu moja na kuiuliza ni kata gani imebaki nyuma. Kazi za uchambuzi wa takwimu zinamtaka mtu wa hiyo nusu ya pili.

Wanaotetea hali ilivyo husema shule za vijijini hazina kompyuta za kutosha wala walimu. Ni kweli, na ni sababu ya kuongeza vyote viwili. Husema pia kwamba programu hubadilika upesi. Lakini aliyeizoea moja huhamia nyingine bila taabu kubwa, na QGIS, inayotumika kuchora ramani, hupakuliwa bure.

Hoja iliyo nzito kuliko zote iko Mbulu penyewe, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Kutoka hapo uliratibiwa mpango wa uzazi salama uliohusisha hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu asilimia 40, na vya akina mama kwa karibu asilimia 75. Vifaa vilichangia, kikiwemo kile kiitwacho Moyo kinachofuatilia mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni. Lakini vifaa peke yake visingetosha. Wakunga walifanya mazoezi ya mara kwa mara hapohapo kazini, na mazoezi hayo yalifuata takwimu za kituo chao wenyewe: ni nini kinachowashinda hapa, sasa hivi, wodi hii. Takwimu zilikusanywa kituoni na zikarudi kituoni, kwa watu wenye uwezo wa kuzifanyia kazi. Hilo ndilo linalokosekana kwingine. Kila zahanati hujaza vitabu vya MTUHA vya taarifa za huduma za afya, tarakimu zikaingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu hizo, na safari ya kwenda juu ikakamilika. Safari ya kurudi inahitaji mtu aliye karibu, anayejua kwamba mvua zikikolea barabara ya kijiji fulani haipitiki na kwamba mahudhurio ya kliniki yakishuka mwezi huo sababu si uzembe wa akina mama. Mchambuzi wa Dodoma huona tarakimu imeshuka. Kijana wa Dongobesh, hapahapa Mbulu, anaweza kuichora pamoja na mvua na barabara, mganga mfawidhi akaiona sababu kabla robo mwaka haijaisha. Mtu huyo hatuwezi kuendelea kumwagiza kutoka mbali wakati amekaa darasani kwetu.

Pia siwezi kuvumilia madai kwamba chati ni mambo ya mjini na mwananchi wa kijijini hatazielewa. Kila mama aliyempeleka mtoto kliniki amesoma grafu. Kadi ya mtoto ina umri chini na uzito pembeni. Nesi anaweka nukta, anaiunganisha na ya mwezi uliopita, na mama anajua mara moja kama mwanawe yuko kwenye kijani, kijivu au nyekundu, na kama mstari unapanda au umelala. Hahitaji shahada. Anayesema watu hawa hawawezi kusoma mchoro wa mapato ya halmashauri yao anawadharau, na dharau hiyo haifai kuwa msingi wa ratiba ya shule.

Hanang nayo ina jambo lake. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikaua zaidi ya watu 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Uvumi wa volkano ulienea upesi, hadi serikali ikaeleza kwamba sehemu ya mlima ililowa maji ikameguka. Sidai kwamba ramani ingezuia tope. Nadai kwamba mteremko, njia za maji na makazi vikiwekwa kwenye ramani moja, mkutano wa kijiji unaweza kujadili kwa ushahidi nani ajenge wapi. Kuandaa ramani hiyo ni kazi ya taaluma, yenye mshahara, na halmashauri, hospitali na mashirika wilayani yanaihitaji. Idadi ya watu kwa kata ilishatolewa na Sensa ya 2022; mwalimu wa Jiografia mwenye kompyuta moja pale Katesh ana pa kuanzia muhula huu, bila kusubiri waraka.