Neno la Siku Lisitufanye Wafuasi wa Hanania

Kila alfajiri simu za Wakristo wengi hupokea neno la siku, kwenye kundi la jumuiya, la kwaya au la ukoo. Mara nyingi ni Yeremia 29:11, ile ahadi kwamba Mungu anawawazia watu wake mema. Amina zinamiminika, kisha kila mtu anashika njia ya kazini. Desturi ya kutafakari Neno kila siku ni njema, na sitaki ife. Ninachokipinga ni kuchomoa mstari na kuiacha sura, na hasara yake inaonekana wazi katika mstari huu huu tunaoupenda.

Yeremia alikuwa akiandika barua. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza aliiteka Yerusalemu akamhamishia Babeli mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi. Barua ikawafuata huko mikononi mwa Elasa na Gemaria. Kabla ya kufika kwenye ahadi, inawaagiza mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, tena wauombee amani mji uliowateka, kwa kuwa amani ya mji huo ndiyo amani yao. Mstari wa 10, jirani kabisa wa ahadi, unataja muda: miaka 70. Kwa hiyo mtu mzima aliyesomewa barua ile alielewa kwamba huenda akazikwa Babeli. Sura ya 28 inaonyesha jinsi habari hiyo ilivyokuwa chungu. Nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mateka na vyombo vya hekalu vitarudi. Yeremia mwenyewe alimwitikia Amina. Nani asingependa iwe hivyo? Lakini baadaye alirudi kumwambia kwamba anawatumainisha watu kwa uongo.

Manabii wote wawili walihubiri tumaini na kurudi nyumbani. Walichotofautiana ni muda na kazi. Tumaini la Hanania halikudai chochote ila kusubiri, maana hakuna anayepanda mwembe katika mji atakaouhama mwakani. Tumaini la Yeremia lilidai jembe. Anayeuchukua mstari wa 11 peke yake, akautafsiri kuwa ajira, mchumba au viza vitapatikana kabla mwezi haujaisha, anataja jina la Yeremia huku akihubiri ujumbe wa Hanania. Maisha ya uaminifu katika barua ile ni ya kawaida mno: kufanya kazi vizuri, kulea watoto, kuutakia heri mji ambao watawala wake hukuwachagua wewe. Mwalimu anayeingia darasani mshahara ukiwa umechelewa ameitafakari sura hiyo kuliko aliyeisambaza kwa makundi kumi.

Wapo watakaosema watu hawana muda. Mstari wa 4 hadi wa 14 hauchukui hata dakika tatu, na daladala hukaa kwenye foleni zaidi ya hapo. Wengine watanikumbusha kwamba Wamoravian wamekuwa na andiko la kila siku tangu mwaka 1728, huko Herrnhut, Ujerumani. Ni kweli, ila andiko lao la Agano la Kale hupatikana kwa kura, na kura humnyima mtumaji nafasi ya kuchagua kinachomfurahisha asubuhi hiyo. Hoja nzito zaidi ni ya mgonjwa: mstari mmoja umewashika mkono wengi kitandani, kwa nini tuwapokonye? Hakuna anayewapokonya. Ila mgonjwa aliyeahidiwa miaka miwili ya Hanania, uponyaji ukichelewa, huishia kujilaumu kwamba imani yake ni haba. Aliyesomewa barua nzima anajua kwamba kuchelewa si kuachwa. Na tusisahau kwamba katika Mathayo 4, juu ya kinara cha hekalu, mjaribu naye alimnukulia Yesu Zaburi ya 91. Maneno yalikuwa ya Maandiko. Matumizi yake ndiyo yaliyokuwa mtego.

Wachungaji, makatekista na wote mnaosimamia makundi hayo, tumeni fungu zima, si mstari mmoja. Mkituma ahadi, tumeni na agizo lililoitangulia, na muwaulize watu wenu jioni wamelifanyia nini.