Msichana wa katuni anayekumbukwa: si nguvu, ni makosa yake

Juni 2025 filamu ya katuni kuhusu wasichana watatu waimbaji wa Korea Kusini, KPop Demon Hunters, iliingia Netflix bila kelele nyingi. Kufikia mwishoni mwa Agosti ilikuwa imeshakuwa filamu iliyotazamwa zaidi katika historia ya jukwaa hilo. Mwaka mmoja kabla, Inside Out 2, kisa kinachotokea ndani ya kichwa cha msichana wa miaka 13, ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6 katika kumbi za sinema duniani. Waliozoea kusema kwamba wavulana hawatazami hadithi za wasichana sasa watafute hoja nyingine.

Mauzo, hata hivyo, hayajibu swali tunalotaka kuliangalia hapa: kwa nini baadhi ya wahusika wa kike wa katuni hubaki vichwani mwa watu kwa miaka, na wengine husahaulika kabla taa za ukumbi hazijawashwa? Swali hili haliwahusu wapenzi wa sinema peke yao. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wapo wachoraji na waandishi wanaounda wasichana wa katuni wa kwetu, na wanachokiamua leo ndicho watoto watakachokua nacho.

Kuhesabu maneno hakutoshi

Njia nyepesi ya kupima ni kuhesabu. Mwaka 2016 wanaisimu wawili wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walitangaza hesabu ya nani anazungumza kiasi gani katika filamu za Disney za mabinti wa kifalme. Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika Snow White ya 1937, maneno yaligawanyika karibu nusu kwa nusu. Katika Sleeping Beauty ya 1959, wanawake walikuwa na asilimia 71. Kisha, katika zile filamu za miaka ya 1989 hadi 1999 zilizosifiwa kwa kuleta wasichana wa kisasa, mizani ikageuka: The Little Mermaid, wanaume asilimia 68, Mulan, asilimia 77, Aladdin, asilimia 90.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Msichana alikuwa mmoja, na karibu kila aliyemzunguka alikuwa wa kiume: mlinzi, muuza duka, askari, kaa, joka, hata kinara cha mshumaa. Mwandishi alipohitaji mtu wa kupita njiani na kutamka sentensi moja, mwanamume ndiye aliyemjia akilini kwanza. Watoto wanaotazama Paw Patrol leo wanaujua mpango huo: mbwa sita wa mwanzo, wa kike mmoja, naye amevaa rangi ya waridi. Msichana aliye peke yake kundini hubebeshwa mzigo wa kuwawakilisha wasichana wote, na anayewakilisha wote ni vigumu kuwa mtu.

Lakini zitazameni tena zile asilimia. Sleeping Beauty ina wanawake wanaozungumza sana, ila ni wale wachawi watatu wema na adui yao, Maleficent. Binti mwenyewe haongei mengi, kisha analala. Mulan ya 1998, iliyojaa sauti za wanaume, ina mmoja wa wasichana walioandikwa vizuri zaidi katika kipindi chote hicho. Idadi inatuambia nani amepewa nafasi, na hilo si dogo. Alichokifanya na nafasi hiyo ni jambo jingine.

Mkumbukeni Mulan huyo kambini. Kuna mlingoti mrefu, juu yake umechomekwa mshale, na anayetaka kuufikia lazima apande akiwa amefungwa vizito viwili mikononi. Wanaume wote wanaanguka, na yeye anaanguka. Anaambiwa afungashe arudi nyumbani. Usiku anajaribu tena na tena, mpaka anagundua kwamba vile vizito vikifungwa pamoja kuuzunguka mlingoti vinageuka kuwa msaada. Hana misuli kuwazidi wenzake. Ametumia akili, baada ya kushindwa mbele ya kila mtu.

Disney iliporudia kisa hicho mwaka 2020 kwa waigizaji halisi, Mulan mpya alikuwa amezaliwa na kipaji kisicho cha kawaida. Tatizo lake likawa kukificha. Hakuna mlingoti wa aina ile kwa sababu hauhitajiki. Kwenye karatasi, huyu wa pili ana nguvu zaidi, na filamu iliongozwa na mwanamke. Sisi tunadhani watazamaji wengi wakiulizwa watamtaja yule wa kwanza.

Kosa lake mwenyewe

Hapo ndipo tunapoliona jambo lenyewe. Kwa takriban miaka 20 watayarishaji wameambiwa walete wanawake wenye nguvu, nao wengi wakaelewa maana yake ni msichana anayepiga mateke, asiyelia na asiyekosea. Huyo hana tofauti kubwa na binti aliyelala akisubiri kubusiwa. Wote wawili hawabadiliki, na hadithi hupita pembeni yao.

Mjapani Hayao Miyazaki alilielewa hili mapema. Chihiro wa Spirited Away, filamu ya 2001 iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003, ana miaka 10, na tunapokutana naye ni mtoto wa kuudhi. Amejilaza kiti cha nyuma cha gari akinuna kwa sababu familia inahama. Wanapoingia kwenye njia ya chini kwa chini anamng'ang'ania mama yake mpaka mama analalamika. Baada ya wazazi kugeuzwa nguruwe, hapewi upanga wala uchawi. Anaomba kazi. Anaambiwa hapana, anaomba tena, mpaka anapewa, nayo ni ya kusugua sakafu na mabafu katika nyumba ya kuogea miungu.

Kisha anafanya kosa. Nje kwenye mvua amesimama kiumbe asiye na uso, mpweke, na Chihiro kwa huruma anamwachia mlango wazi. Kiumbe huyo anaingia, anamwaga dhahabu, anaanza kuwameza wafanyakazi. Janga zima la katikati ya filamu limetokana na wema wa msichana huyu, na yeye ndiye anayekwenda kumkabili na kumtoa nje. Huo ndio uandishi tunaouzungumzia: kosa linatoka ndani ya tabia yake, wala halikudondoshwa na mwandishi ili njama isonge mbele, na gharama yake anailipa mwenyewe.

Miyazaki huyohuyo, mwaka 1997 katika Princess Mononoke, alimwandika Lady Eboshi. Mwanamke huyu anaongoza mji wa wafua chuma. Amewakomboa wanawake waliokuwa wameuzwa kwenye madanguro akawapa kazi na heshima, na amewahifadhi wagonjwa wa ukoma ambao hakuna mwingine aliyetaka kuwagusa. Pia anaangamiza msitu na kutengeneza bunduki za kuua miungu yake. Ukimchukia unawafikiria wale wagonjwa. Ukimpenda unauona msitu unaungua. Katika katuni za watoto, mwanamke mtu mzima kwa kawaida ni mama marehemu au mchawi mwenye wivu, na ndiyo maana Eboshi bado anatajwa karibu miaka 30 baadaye.

Filamu za karibuni zilizofaulu zimefuata njia hiyohiyo. Riley wa Inside Out 2 anawatelekeza marafiki zake wawili wa siku zote ili akubalike na wachezaji wakubwa wa hoki, na usiku ananyemelea daftari la kocha kusoma alichoandikwa. Mei wa Turning Red (2022), msichana wa Toronto mwenye asili ya China, ananyamaza mama yake anapowalaumu rafiki zake kwa kosa ambalo ni lake. Ukimya ule ni wa sekunde chache tu, lakini kila aliyewahi kuwa na miaka 13 ataujua. Rumi wa KPop Demon Hunters anawadanganya wenzake kwa miaka kwamba hana alama za kipepo ngozini, kwa sababu mlezi wake alimfundisha kuzifunika, na uongo huo unaanza kumla sauti, ambayo ndiyo kazi yake.

Uso usioruhusiwa kukunjamana

Katuni ina mtihani wake ambao riwaya haina: kila mkunjo wa uso lazima mtu auamue na kuuchora. Mwaka 2013, kabla Frozen haijatoka, msimamizi mkuu wa uhuishaji wa filamu hiyo alinukuliwa akieleza kwamba wahusika wa kike ni kazi ngumu, kwani wanapitia hisia nyingi na wakati huohuo wanatakiwa wabaki warembo. Maneno yake yalizua mjadala mkali, na Disney ikasema yalieleweka vibaya. Hata hivyo yalieleza jambo ambalo watazamaji walikuwa wameshaliona: wanaume wa katuni wana pua za kila aina, ilhali wasichana wana uso mmoja uliobadilishwa nywele.

Mwaka huohuo Merida wa Brave, msichana wa Uskoti mwenye nywele zilizotimka na upinde mgongoni, alichorwa upya kwa ajili ya bidhaa za Disney. Kiuno kikapungua, gauni likaanza kumetameta, upinde ukatoweka. Brenda Chapman, aliyemuumba mhusika huyo kisha akaondolewa katika uongozaji kabla filamu haijakamilika, alilalamika hadharani, na zaidi ya watu 200,000 walitia saini kupinga. Kisa kinafundisha kitu kuhusu biashara hii. Mwandishi anaweza kumwandika vizuri, mwongozaji akamlinda, halafu idara ya mauzo ikamfuta.

Ndiyo maana tunayatilia maanani mambo yanayoonekana madogo: Mei akitokwa jasho na kukodoa macho, mama yake akitokea shuleni na pakiti ya pedi, Rumi na wenzake wakila kwa pupa na kukunja sura za kuchekesha. Mwili wa msichana hapo si pambo la ukutani. Una njaa na una aibu.

Kipimo cha Kiswahili

Kiswahili kinatupa kipimo ambacho Kiingereza hakina. Kiambishi chetu cha nafsi hakisemi kama ni wa kike au wa kiume. Sungura wa hadithi za bibi anaweza kuwa yeyote mpaka mchoraji amwekee kope ndefu na utepe. Basi mwandishi auandike muhtasari wa mhusika wake bila neno msichana, bila mrembo, bila binti wa fulani: alitaka nini, aliogopa nini, alikosea wapi, alichagua nini. Akibaki na sentensi tano zenye uhai, ana mhusika. Akibaki na karatasi tupu, alikuwa na pambo.

Ubongo, shirika la Tanzania linalotengeneza katuni za elimu, lilimfanya msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro kuwa kiini cha Akili and Me. Jina lake ni Akili, na udadisi wake ndio unaoendesha kipindi. Malenga Mulendema wa Zambia alibuni Supa Team 4, iliyoanza kuonyeshwa Netflix Julai 2023 na kutajwa kuwa katuni ya kwanza ya Kiafrika ya jukwaa hilo. Wasichana wanne wa Lusaka wanaokoa dunia kwa bajeti finyu, chini ya bibi aliyewahi kuwa jasusi. Wanne si mmoja, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuwa mfano. Watayarishaji pia walitangaza msako wa waandishi wanawake barani kote. Mwezi huohuo Disney+ ilitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10, mojawapo ikiwa Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii: binti wa mungu wa uumbaji anatamani kuiga kazi ya mama, kisha anagundua kazi hiyo inamgharimu mama yake nini. Dakika chache tu, na mama na binti wote ni watu kamili.

Kinachotutia wasiwasi ni fedha. Januari 2024 Amazon ilipunguza uwekezaji wake wa Prime Video katika vipindi vipya barani Afrika. Jukwaa likiondoka, mara nyingi anayebaki mlangoni ni mfadhili wa elimu au afya, na mfadhili ana ujumbe wake. Anataka msichana anayekwenda shule, anayenawa mikono, anayesema hapana kwa ndoa za utotoni. Yote ni mema. Ila msichana huyo, akiwa hana uvivu, wivu wala uongo hata mmoja, atasahaulika pamoja na ujumbe aliotumwa kuufikisha. Mikataba mingi hulipia idadi ya vipindi. Tungependa kuona unaolipia rasimu ya nne ya mwandishi, ile ambayo msichana anaruhusiwa kumwachia mlango wazi mtu asiyemjua.