Kifurushi si Bando Tu: Nani Anakitunza Kiswahili Ndani ya Linux?

Ukitamka neno "kifurushi" hapa Itumba, mtu atakuuliza ni cha siku, cha wiki au cha mwezi. Makampuni ya simu yamelichukua neno hilo na sioni dalili ya kulirudisha. Leo naomba wadau mniazime kwa dakika chache, maana kuna kifurushi cha aina nyingine ambacho sisi vijana tuliosoma tulipaswa kukijali, na hatukijali.

Nazungumzia vifurushi vya Linux. Kwa wale wasioifahamu, ukitumia Debian au Ubuntu huzunguki mtandaoni kutafuta programu moja huku na nyingine kule. Kuna ghala moja kubwa. Unaandika amri moja, programu inakuja pamoja na kila inachokitegemea. Ila programu haiingii ghalani yenyewe. Kuna mtu amekaa akaiandaa, akaifunga na kuiandikia maelezo. Huyo ndiye mtunzaji wa kifurushi.

Kimojawapo kinaitwa hunspell-sw. Herufi mbili za mwisho ni alama ya Kiswahili. Kazi yake ni kukagua tahajia: ukiandika Kiswahili kwenye LibreOffice, ndicho kinachoamua neno lipi lipigiwe mstari mwekundu. Mimi maisha yangu ni kuandika, kwa hiyo namjua huyu bwana vizuri. Msingi wake ni kazi ya Jason Githeko wa Kenya, aliyeikusanya tangu enzi za OpenOffice na kuitoa kwa leseni huria. La kuchekesha ni kwamba kazi ya Mkenya imewekwa kwenye folda iitwayo sw_TZ. Kenya imefanya kazi, Tanzania imepata jina. Tushukuru tu.

Nani asiyejua kwamba Kiswahili ni kigumu kwa kompyuta? Kiingereza unaweza kukiorodhesha neno kwa neno ukafika mbali. Chukua kitenzi kimoja tu, "pakua": nimepakua, hatujapakua, wakipakua, iliyopakuliwa, asingeipakua. Ukitaka kuorodhesha yote utazeeka. Ndiyo maana kamusi ya namna hii ina mafaili mawili, moja la maneno na jingine la kanuni za viambishi. Sasa nauliza: nani mwenye haki na uwezo wa kuzirekebisha kanuni hizo kama si sisi tunaozisema kila siku?

Utaratibu wenyewe siyo uchawi. Sisi wa Songwe mambo ya mpaka tunayaelewa. Pale Tunduma lori halivuki kwenda Zambia kwa sababu dereva ana maneno matamu. Lazima karatasi zionyeshe limebeba nini, mali ni ya nani, imetoka wapi. Kifurushi cha Debian kiko hivyo hivyo. Kwanza unatangaza nia yako hadharani ili watu wawili wasifanye kazi moja bila kujuana. Kisha unaandaa saraka iitwayo debian. Ndani yake faili la control linasema kifurushi ni nini na kinategemea nini. Faili la copyright linasema nani mwenye hakimiliki na leseni ni ipi. La changelog ni kumbukumbu ya mabadiliko, na la rules linaeleza kifurushi kinavyojengwa. Halafu unakipitisha kwenye programu iitwayo Lintian, ambayo itakuonyesha makosa yako bila huruma.

Kama si mwanachama wa Debian, unatafuta mdhamini, yaani mwanachama atakayekagua kazi yako na kuipandisha kwa niaba yako. Kifurushi kipya kinakaa kwenye foleni wakaguzi wakitazama hasa suala la leseni. Kikipita kinaingia tawi la unstable, kisha testing, na toleo jipya likitoka, takriban kila miaka miwili, kinaingia stable. Hapo ndipo kinapomfikia mtu wa kawaida.

Mtasema ni urasimu mtupu. Mimi nasema ni urasimu wenye faida, na wanaofaidika zaidi ni watu wa mahali kama hapa kwetu. Kitu kikishaingia ghalani kinanakiliwa kwenye seva nyingi duniani. Tovuti ya aliyekitengeneza ikifa, kifurushi hakifi nayo. Mwalimu wa Ileje mwenye kompyuta za mitumba halazimiki kumaliza bando lake akitafuta faili kwenye tovuti iliyofungwa. Anaweza kuletewa flashi kutoka Mbeya yenye kila kitu. Wakubwa wangu watakumbuka kwamba hadi mwaka 2011 Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure kwa njia ya posta. Kilichokuwa ndani ya CD ile kilifika kwa wote. Kilichokuwa nje yake ulijitafutia mwenyewe.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Mwezi Desemba 2004 nchi hii ilifanya jambo kubwa. Mradi wa Kilinux, uliounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice 1.1.3 yenye menyu za Kiswahili. Watu walikaa wakafikiri neno la kila kitufe. Ilikuwa fahari. Lakini programu hailali. OpenOffice 1.1 ilizeeka, mwaka 2010 LibreOffice ikazaliwa kutoka OpenOffice, na kila toleo jipya linakuja na sentensi mpya za kutafsiri. Tafsiri ya toleo moja ni kama shamba lililopaliliwa msimu mmoja. Leo muulize mwanafunzi wa kompyuta kama amewahi hata kusikia jina la Jambo OpenOffice.

Siwalaumu waliofanya kazi ile, walifungua njia. Lawama yangu inatuendea sisi sote tunaopenda uzinduzi na kuchoshwa na utunzaji. Uzinduzi una mgeni rasmi, picha na chakula. Utunzaji una mtu mmoja saa nne usiku anayesoma ripoti ya kasoro. Hakuna anayempiga picha huyo, na kusema kweli hata sisi waandishi wa habari hatumwandiki.

Matokeo yake? Kifurushi cha hunspell-sw kinajengwa kutoka chanzo kimoja kiitwacho libreoffice-dictionaries, pamoja na kamusi za lugha nyingine nyingi, na kikosi cha Debian kinachoshughulikia LibreOffice kwa ujumla. Yaani lugha yetu inabebwa kwenye lori la watu wengine, kwa hisani yao. Nawashukuru kwa dhati. Lakini mzigo ni wetu, na mwenye mzigo hakai kijiweni.

Kuna rafiki zangu wanaosema siku hizi kila mtu yuko kwenye simu, Linux ya nini? Niwakumbushe kwamba Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux. Wengine wanasema kazi ya bure ni ya watu walioshiba. Hoja hiyo ina uzito, sitaipuuza. Kijana wa Itumba ananunua intaneti kwa pesa yake na analipa umeme. Kumwambia ajitolee miaka kumi bila senti ni kumwonea. Ndiyo maana naona vyuo vyetu vingeanza hapa: mwanafunzi aliyepeleka masahihisho yakakubaliwa, ahesabiwe kuwa amefanya mradi wa mwaka wa mwisho. Bora hilo kuliko mifumo ya maktaba inayotengenezwa kila mwaka na kuishia kabatini.

Na tukianza, tusianze kwa kutengeneza "Linux ya Kitanzania" yenye bendera kwenye skrini. Tutaizindua, halafu tutaisahau. Tuanze na kidogo kilichopo. Kusanya maneno ambayo mstari mwekundu unayaonea, yakiwemo majina ya kwetu kama Isongole. Rekebisha kanuni moja ya viambishi. Ipeleke kwenye chanzo chenyewe cha LibreOffice, usibaki na nakala yako chumbani, maana ikiingia kule itashuka yenyewe hadi Debian na Ubuntu, kisha kwa yule mwalimu wa Ileje. Halafu mwaka ujao rudi tena. Huko kurudi ndiko kunakotushinda.

Kiswahili kina wasemaji mamilioni kwa mamilioni, tunajisifu kila tarehe 7 Julai. Mimi naomba watunzaji watano tu.