Mpelelezi Aliyeshika Kalamu: Matti Joensuu na Hadhi ya Riwaya ya Upelelezi

Utangulizi

Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuiweka riwaya ya upelelezi katika fungu la fasihi pendwa na kuiacha huko. Hoja yao inafahamika: riwaya ya aina hii hufuata kanuni zilizokwisha kuwekwa, humshika msomaji kwa taharuki, na fumbo likishafumbuliwa hakuna kinachosalia. Makala haya yanapinga hukumu hiyo ya jumla. Hatudai kwamba kila riwaya ya upelelezi ni fasihi bora. Tunachodai ni kwamba hadhi ya kazi haipimwi kwa jina la utanzu wake. Ushahidi tunautoa nchini Ufini, katika maisha na kazi za Matti Yrjänä Joensuu.

Mwandishi na kazi zake

Joensuu alizaliwa Helsinki mwaka 1948 na kufariki mwaka 2011. Alikuwa polisi wa upelelezi katika mji huo kwa miongo kadhaa, akiandika huku akiendelea na kazi. Riwaya yake ya kwanza, Väkivallan virkamies, ilitoka mwaka 1976. Mhusika wake mkuu ni Timo Harjunpää, mpelelezi wa makosa ya ukatili, ambaye jina lake limo katika anwani za vitabu vingi vilivyofuata, kikiwamo Harjunpää ja pyromaani (1978) na Harjunpää ja poliisin poika (1983). Mwaka 1987 Joensuu alipewa Tuzo ya Martin Beck, ambayo hutolewa nchini Uswidi. Baada ya Harjunpää ja rakkauden nälkä (1993), ilipita miaka 10 kabla ya kutoka Harjunpää ja pahan pappi (2003), riwaya inayomshusha msomaji katika njia za treni za chini ya ardhi. Riwaya yake ya mwisho ilitoka mwaka 2010.

Jina la tuzo hiyo lina maana katika hoja yetu. Martin Beck ni mpelelezi wa riwaya 10 zilizoandikwa na Maj Sjöwall na Per Wahlöö, Waswidi, kati ya mwaka 1965 na 1975. Hao walikuwa waandishi wa habari. Waliikosoa jamii yao kwa kuitumia ofisi ya polisi kama dirisha. Joensuu alikuwa ndani ya ofisi yenyewe. Alijua jinsi maisha ya mtu yanavyogeuzwa kuwa jalada, na jinsi anayeandika jalada hilo anavyorudi nyumbani jioni akiwa na mzigo usioandikika.

Kwa sababu hiyo Harjunpää hafanani na wapelelezi tuliowazoea. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyeingia katika riwaya ya Kiswahili kwa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anafuata nyayo za Sherlock Holmes: akili yake ndiyo inayotamba, na msomaji husubiri afumbue fumbo. Harjunpää ana mke na watoto, ana uchovu na mashaka. Aidha, mara nyingi Joensuu hutupeleka kwa mhalifu mapema, tukayaona maisha yake sambamba na upelelezi. Swali linahama kutoka "nani" na kuwa "kwa nini". Swali la kwanza hufa likijibiwa. La pili huendelea kumsumbua msomaji hata baada ya kitabu kufungwa.

Ushahidi wa lugha

Anwani ya riwaya ya kwanza yafaa kuchunguzwa. Neno väkivalta, "ukatili", limeundwa na väki, "nguvu", na valta, "mamlaka". Virkamies ni mtumishi wa umma. Uhusiano wa kumiliki unaounganisha maneno hayo una utata: je, huyu ni mtumishi anayeshughulikia ukatili, au anayeutekeleza? Kiswahili kinaweza kuuhifadhi utata huo bila jitihada. "Mtumishi wa Mabavu" ina neno linalobeba nguvu na mamlaka kwa pamoja, na kiunganifu cha -a kinaziacha maana zote mbili hai. Dhamira ya riwaya imo katika utata huo.

Jambo la pili ni nafsi. Kifini hutumia hän kwa mwanamume na mwanamke, kama Kiswahili kitumiavyo yeye na kiambishi a-. Tukisema "Alisimama gizani akasikiliza", jinsia ya aliyesimama haijafichuliwa, na msomaji hahisi kwamba amefichwa kitu. Mfasiri wa Kiingereza hana budi kuchagua jinsia. Akikwepa, ukwepaji wenyewe utamshtua msomaji. Katika utanzu ambao kumjua mtendaji ni jambo zito, tofauti hii si ndogo.

Hata anwani huathirika safarini. Harjunpää ja poliisin poika maana yake ni "Harjunpää na Mtoto wa Polisi". Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1986 iliibadili ikawa, kwa maana, "Harjunpää na Mauaji ya Mawe". Mwandishi alitanguliza mzazi na mtoto. Tafsiri ikatanguliza maiti. Anayemhukumu Joensuu kwa anwani hiyo atamwona mwandishi wa taharuki tu, nasi tutakuwa tumethibitisha chuki yetu dhidi ya utanzu kwa ushahidi uliokwisha kupindwa.

Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba matatizo ya Helsinki si yetu. Lakini mzazi asiyemjua mwanawe, na mtumishi wa umma anayechoshwa na mateso ya watu, hawana nchi moja. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, neno "pendwa" litumike kueleza kazi moja moja baada ya kusomwa, lisitumike kuzizuia zisisomwe. Pili, Joensuu atafsiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kifini. Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha Kiswahili kwa miongo kadhaa. Ushirikiano wa mjuzi wa Kifini na mjuzi wa Kiswahili hauhitaji mkalimani wa tatu. Lugha mbili zisizomlazimisha msimulizi kutaja jinsia ya mtu kabla ya wakati wake zinaweza kuzungumza zenyewe.